Hodi Kabla ya Nyundo

Mimi ndiye niliyekihamisha kitufe.
Nasema mapema, usije ukamtafuta mwingine.
Usiku wa Jumanne, Tallinn, ghorofa ya nne,
theluji ikigonga dirisha kwa adabu kutushinda sisi,
tulikivuta kile cha kijani, "Nina nafasi,"
tukakizika chini ya vistari vitatu
kwa sababu ukurasa, alisema Rasmus, unahitaji kupumua.

Ukapumua.

Na kule kisiwani Hiiumaa
watu walioazimana viti vya magari miaka sita
wakaamka wakakuta nyumba imegeuzwa:
jiko limehamia chumbani,
mlango umepakwa rangi ya ukuta,
na kikaratasi mezani: Furahieni mwonekano mpya!

Takwimu zikatushangilia.
Watumiaji wanakaa zaidi: dakika tatu, dakika saba.
Tukakata keki.
Hakuna aliyeuliza kama mtu anayeizunguka nyumba
akipapasa kuta, akitafuta pa kuingilia,
naye huhesabiwa kuwa ameipenda.

Siku ya tisa ikaja barua, ya karatasi, yenye stempu.
Helve Pruul, miaka sabini na mmoja:
"Kila Alhamisi naenda mjini na Volvo yangu.
Nabonyeza, na mwenye haja anapanda.
Kidole changu kilikijua kitufe kile gizani
kama ulimi unavyolijua pengo.
Alhamisi iliyopita sikukiona.
Nikapita njia ya msituni, viti vitatu vitupu,
na Leida amesimama njia panda ya Käina
saa mbili nzima, sindano yake inamngoja kwa daktari,
kofia imemgandia kichwani.
Hakufa, msiogope bure.
Ila mngeniuliza."

Februari ile bahari iliganda.
Nilivuka kwa gari juu ya barafu, mkanda wazi,
ndiyo sheria ya huko, ili mtu aweze kuruka.
Katikati ya weupe, mzee Ülo na keekee yake,
anatoboa, anapima, anaandika.
Kila asubuhi? nikamuuliza.
"Barafu ya jana si ya leo," akasema.
"Na siwezi kuitoboa nikiwa ofisini."

Chumba cha maktaba. Watu kumi na mmoja, chupa mbili za chai.
Mimi, seremala wa kitanda nisichokilalia,
nikaonyeshwa kunguni mmoja mmoja, kwa jina.
Taavet anataka herufi kubwa kama za jiwe la kaburi.
Binti yake anasema zinamtia aibu.
Leida anataka kila kitu kama zamani,
hata ile hitilafu ya kutuma ujumbe mara mbili,
"maana ule wa pili ndio ninaousikia."
Tuliirekebisha hitilafu hiyo kwa fahari, mwaka juzi.

Sikutoka na jibu.
Nilitoka na daftari lililolowa chai,
na Helve akinisindikiza hadi garini:
"Kusikiliza si kutii, kijana.
Kuna tutakayoyataka mtakayoyakataa.
Lakini ukikataa, kataa ukiwa umeketi hapa,
tukuone uso."

Kitufe kilirudi. Si pale pale; karibu na pale.
Bado kuna vidole vinavyokikosa.

Sasa tunataka kugusa ramani, ramani tu.
Wiki tatu kabla, nimewaandikia:
Hodi. Tunafikiria kuisogeza. Hii hapa, ijaribuni.
Ya zamani haiondoki mpaka tuzungumze.

Wamejibu: arobaini na mmoja karibu,
tisa hapana, mmoja katuma picha ya mbwa.
Helve bado.
Nukta tatu zinacheza chini ya jina lake,
zinazimika, zinarudi.

Rasmus amesimama nyuma ya kiti changu.
Tuendelee?

Naweka mkono kwenye kipanya. Nauondoa.
Ngoja, namwambia.
Anaandika.